Dereva, wageni na "dejar": uchambuzi wa kisa kimoja cha Kasese

Dereva mmoja wa watalii, mkazi wa Kasese magharibi mwa Uganda, aliwajibu wageni wake kwa Kihispania kisicho na kosa hata moja la sarufi, na wageni wakaudhika. Nakieleza kisa chake kwa kirefu kwa kuwa wengi ninaowafundisha lugha hiyo hapa, madereva na wahudumu wa loji, hukwama palepale alipokwama yeye. Naamini kabisa kwamba msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kukwama hapo.

Kitenzi chenyewe ni "dejar". Wahispania hukitumia kutwa kucha kuomba ruhusa na kuitoa. J yake si ile ya "jambo". Hutoka kooni kama kh ya mzee anayesema "kheri", kwa hiyo "deja" husikika kama "dekha". Hilo huchukua dakika chache kulizoea. Kazi iko kwingine.

Kwanza nimweleze mhusika. Kiswahili chake ni cha utotoni. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, mji ulipokea wafanyakazi wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana kazini. Mama yake alifanya biashara upande wa Mpondwe, mpakani na Kongo, ambako bila Kiswahili huuzi wala hununui. Kiingereza alikipata shuleni, na kinamtosha kazini. Kihispania alikianza peke yake, kwa kijitabu cha misemo ya safari kilichoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiingereza. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa.

Siku hiyo alikuwa na wageni watatu kutoka Hispania: mama mtu mzima, mumewe, na dada wa mama huyo. Walikuwa tambarare ya Kasenyi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, asubuhi, swala aina ya kob wamejaa pande zote. Mapema, pale langoni, dereva alikuwa ameshuka kushughulikia malipo na akakawia, wageni wakabaki garini peke yao. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Alihofu kwamba huenda walijiona wametelekezwa.

Walipofika mahali penye mwanga mzuri, mama akamwambia: "¿Nos deja bajar un momento? Es para una foto."

Dereva akasikia "nos deja". Kijitabu kilimfundisha kwamba "dejar" ni kuondoka na kumwacha mtu nyuma. Akaunganisha na ya langoni, akaona mama anauliza kama atawaacha tena. Akatabasamu, akaweka mkono kifuani, akasema: "No, señora. No los dejo."

Mama akashangaa. "¿Por qué no nos deja? Es un momento nada más."

Dereva akazidisha upole. "Nunca los dejo. Nunca, nunca."

Sasa tuyageuze maneno hayo kama yalivyoingia masikioni mwa wageni. Mama: "Utaturuhusu tushuke kidogo? Tunataka picha tu." Dereva, akitabasamu: "Hapana, mama. Siwaruhusu." Mama: "Mbona huturuhusu? Ni kidogo tu." Dereva, bado anatabasamu na mkono kifuani: "Siwaruhusu kamwe. Kamwe, kamwe."

Wageni wakanyamaza. Wakanyamaza hadi Mweya, humohumo hifadhini, wakala chakula cha mchana bila kumwalika mezani, ingawa siku iliyotangulia walikuwa wamemwita. Jioni ofisi yake ikampigia simu: wageni wanasema dereva ni mstaarabu lakini mgumu, anakataa mambo madogo bila kueleza sababu. Naye hakukumbuka kukataa jambo lolote. Alipokuja kwangu alikuwa ameyaandika maneno yote kwenye karatasi, yake na ya mama, kama alivyoyakumbuka. Heshima kubwa kwake kwa hilo, maana bila karatasi ile tungebaki kubahatisha.

Liko jambo moja linalofanya kisa hiki kiwe kigumu zaidi kukigundua. Katika hifadhi hairuhusiwi kushuka garini ovyo. Mtu hushuka mahali palipotengwa tu. Simba hukaa Kasenyi kwa sababu kob wako hapo, na nyasi huwaficha. Kwa hiyo jibu la dereva, kwa maana waliyoisikia wageni, lilikuwa sahihi kisheria! Angekuwa amesema jambo la ajabu, wageni wangejua kuna kutoelewana na wangetafuta njia nyingine ya kuuliza. Lakini kosa lake lilivaa sura ya jibu halali, na likapita.

Nini hasa kilitokea

Maelezo ya haraka ni kwamba neno lina maana mbili naye alijua moja. Ni kweli, lakini hayatoshi, na mwalimu akiishia hapo atampa mwanafunzi orodha ya maana za kukariri. "Dejar" ina maana nyingi mno kwa njia hiyo. Swali lenye faida ni hili: mwenye lugha yake anajuaje, palepale, ni maana gani imekusudiwa? Anajua kwa kusikiliza kinachofuata. Baada ya "deja" mama alisema "bajar", yaani kushuka. Sikio la dereva lilifunga mlango kwenye "deja", na "bajar" ikabaki nje.

Kikifuata kitenzi kisichonyambuliwa, kile kinachoishia na -ar, -er au -ir, basi ni ruhusa: "nos deja bajar", anaturuhusu tushuke. Kikifuata kitu au mahali, ni kuacha: "deja la maleta aquí", anaacha sanduku hapa. Ikifuata "de" kisha kitenzi, ni kukoma: "deja de llover", mvua inaacha kunyesha. Na ikifuata "que", ni ruhusa tena, ila kitenzi cha mbele lazima kibadilike umbo: "deje que bajemos", acha tushuke.

Msomaji wa Kiswahili bila shaka ameshaona. Ni "acha". Tunaacha sanduku hapa. Mvua inaacha kunyesha. Acha tushuke. Kitenzi chetu kimoja kinabeba kuondoka, kukoma na kuruhusu, na Kihispania kimebebesha kitenzi kimoja mizigo hiyohiyo. Kiingereza kimeigawa kwa vitenzi vitatu tofauti, na mwandishi wa kijitabu, akiwa na nafasi ya mstari mmoja, alichagua kimoja kati ya hivyo vitatu. Dereva alibeba mgawanyo wa lugha ya watu wengine hadi kwenye lugha ambayo, katika jambo hili, ni jirani wa lugha ya mama yake. Alipita njia ndefu kumbe nyumba ya pili ndiyo aliyokuwa akiitafuta.

Ndiyo maana nawaomba wenzangu wanaofundisha Kihispania hapa Uganda wasilazimishe kila neno lipitie Kiingereza. Najua vitabu vingi vimeandikwa hivyo. Najua pia kwamba Kiswahili hapa bado kinatazamwa na wengine kama lugha ya kambi na barabara, ingawa serikali imekwisha kukubali kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini mwanafunzi akiwa nacho, kitumike. Nilipomwambia dereva "ni acha", alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kutunga sentensi mwenyewe.

Tulianza na sala. Yeye ni Mkatoliki, na Baba Yetu anaijua usingizini. Kwa Kiswahili tunasali "usitutie katika kishawishi". Wahispania husali "no nos dejes caer en la tentación". Nikamwomba aipime neno kwa neno: "no", usi-, "nos", -tu-, "dejes", -ache, "caer", kuanguka. Usituache tuanguke katika kishawishi. Hapo "dejar" haiwezi kuwa kuondoka, kwa sababu "caer" imesimama mbele yake. Tangu hapo, kila anapopata shaka huirudia sentensi hiyo kimoyomoyo na kutazama kilicho baada ya "dejes". Sijapata mfano ulio bora kuliko huo kwa mtu anayejua sala hiyo.

Faida nyingine iko kwenye mwisho wa vitenzi. Sisi husema "tunashuka", lakini baada ya "acha" tunasema "tushuke", kwa -e. Mhispania husema "bajamos", tunashuka, lakini baada ya "deje que" husema "bajemos". Hilo umbo la pili huwatesa wanafunzi wa Ulaya kwa miezi. Msemaji wa Kiswahili analitumia tangu alipojifunza kumwambia mama yake "acha nicheze". Dereva hakuhitaji kufundishwa wakati wa kulitumia. Alihitaji tahadhari moja tu: -e hiyo ni ya vitenzi vya -ar. Vya -er na -ir hugeukia -a, kwa hiyo "comer", kula, hutoa "deje que comamos", acha tule. Mfanano wa herufi ni bahati. Mfanano wa matumizi ndio wa kushika.

Pale "acha" inapodanganya

Singependa kuuza "acha" kama dawa ya kila kitu. Kuna mahali inamtupa msemaji wa Kiswahili shimoni kuliko Kiingereza kinavyofanya, na mahali hapo ni "de".

Sisi husema "acha kuvuta sigara" na "waache wavute sigara", na hakuna anayechanganya, kwa kuwa umbo la kitenzi cha pili linatofautisha. Kihispania hakina tofauti hiyo. Kina "de" tu. "Deja de fumar" ni kumwambia mtu akome. "Deja fumar", bila "de", ni kumwambia awaachie watu wavute. Msemaji wa Kiswahili, aliyezoea kuunganisha "acha" moja kwa moja na kitenzi, atairuka "de" bila kujua, na atasema kinyume cha alichokusudia.

Mweke dereva kwenye hali ya kazi. Simba amelala mita chache kutoka barabarani, wageni wanaongea kwa sauti. Anataka kusema "acheni kuongea, tafadhali". Akisema "dejen hablar, por favor", amewaomba waache watu waongee. Anapaswa kusema "dejen de hablar, por favor". Tulizirudia hizo mbili hadi ulimi wake ukaanza kuona upungufu "de" inapokosekana. Kinyume chake pia ni hatari. Tembo anataka kuvuka barabara na gari la mbele limeziba njia: "dejen pasar al elefante" ni waache tembo apite, lakini "dejen de pasar" ni acheni kupita. Mtu wa gari la mbele akisikia la pili atasimama palepale, katikati ya njia ya tembo.

Jambo la pili ni viambishi. Sisi tunambeba mtendwa ndani ya kitenzi, na hatumwondoi: tuache, usituache, atatuacha. Kihispania humweka mbele katika taarifa na katika katazo, "nos deja", "no nos deje", na humrusha nyuma katika amri ya kukubali, "déjenos". Hili halina hila yoyote, ni mazoezi tu. Ila lilichangia kisa chetu. Mtu anayeanza huona "nos" mwanzoni mwa sentensi akadhani ndiye mtenda, wakati mtenda, yaani "wewe, bwana", amejificha kwenye -a ya "deja". Kama wageni wangekuwa vijana wangesema "nos dejas", kwa s, maana Hispania ya leo watu wengi humwita dereva "tú", yaani wewe ya kirafiki, bila kusita. Wazee hawa walimpa heshima ya "usted", wewe ya adabu, na heshima hiyo ikaondoa alama ambayo ingemsaidia.

La tatu ni la kazi yake zaidi. "¿Nos deja en el hotel?" haina kitenzi cha pili, ina mahali tu. Hiyo ni "utatushusha hotelini?", kama abiria anavyomwambia dereva "niache hapo mbele". Hapo jibu ni "sí", na akijibu "no los dejo" kwa kuwatuliza, atakuwa amewakatalia mara ya pili kwa siku moja.

Mwenye ruhusa ni nani

Hadi hapa tumeshughulikia kuelewa. Nilimwuliza: tuseme ungemwelewa mama vizuri, ungemjibu nini? Akasema angejibu vilevile, "no los dejo", kwa kuwa kushuka ni marufuku. Hapo nikaona somo bado ni nusu.

"No los dejo" ni "mimi siwaruhusu". Sentensi hiyo inamfanya dereva kuwa mwenye mamlaka, na wageni wanaomlipa kuwa watoto wake. Mtu mzima hamwambii mtu mzima mwenzake hivyo, si Madrid wala si Kasese. Sisi tukiwa na jambo la kukataza, tunalihamisha kutoka kifuani mwetu: "hapa hairuhusiwi", au, kama tunazungumza na mtu tunayemheshimu, "hapa hawaturuhusu, mama". Hao "wa-" ni nani? Wakubwa, sheria, hifadhi. Hakuna anayeuliza.

Kihispania kina njia zote mbili. "Aquí no está permitido bajar" ni hapa hairuhusiwi kushuka, kwa kitenzi "permitir", kilicho rasmi zaidi, cha mabango na sare. "Aquí no se puede bajar" ni nyepesi zaidi, na ndiyo husikika sana mdomoni mwa watu. Lakini iliyonifurahisha kumfundisha ni hii: "Aquí no nos dejan bajar." Hapa hawaturuhusu kushuka. "Dejan" ni wao wasiotajwa, na "nos" ni sisi, dereva akiwemo. Kwa herufi chache dereva ametoka upande wa mlinzi wa lango akaketi upande wa wageni, anayenyimwa pamoja nao. Adabu hiyo anayo tayari katika Kiswahili chake, na angeitumia kwa mjomba wake bila kufikiri. Alikosa tu kujua kwamba anaweza kwenda nayo kwenye Kihispania.

Na mgeni akinyimwa kitu huonyeshwa kingine. Kusini kidogo mwa Kasese, kando ya barabara kuu pale Kikorongo, ziko alama za ikweta ambapo kila mtu hushuka na kupiga picha. Tukatunga: "Aquí no nos dejan bajar, señora, por los leones. Pero en el ecuador sí." Hapa hawaturuhusu kushuka, mama, kwa sababu ya simba. Lakini kwenye ikweta, ndiyo. Alitaka kuongeza "los dejo" mwishoni, nikamzuia. "Sí" inatosha, na kila neno analoongeza mtu anayejifunza ni nafasi mpya ya kukosea.

Kuhusu wageni wale watatu, aliniuliza kama awatafute aeleze. Walikuwa wangali nchini, wanaelekea Bwindi. Nilimshauri amwombe mtu wa ofisi awape ujumbe mfupi kwa maandishi, na maneno yawe yake. Akaandika kwa Kihispania kwamba alidhani mama anauliza kama atawaacha porini, na kwamba alichotaka kusema ni kuwa hatawaacha kamwe. Jibu lilirudi siku iliyofuata, refu, lenye alama nyingi za mshangao, na mama alimwomba awe dereva wao kurudi Entebbe.

Njiani kurudi, yule dada wa mama alimnyoshea mkono akasema: "¿Me deja los prismáticos?" Matumizi hayo hatukuwa tumeyagusa. Hakukuwa na kitenzi cha pili, kwa hiyo si ruhusa ya kutenda. Hakukuwa na "de". Palikuwa na "me", mimi, na kitu, darubini. Akapima: "niachie darubini". Akampa. Ndivyo ilivyo, Hispania "dejar" ni kumwazima mtu kitu pia, na "niachie" yetu ilimfikisha karibu vya kutosha. Mgeni wa Meksiko au Kolombia angesema "¿me presta?", na kitenzi hicho, "prestar", ndicho tulichoanza nacho aliporudi darasani.